Maswali ya Wasomaji: Kusoma Marekani na Haya ya Kubisha Hodi

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zimeandikwa na vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma katika vyuo vya Marekani kwa viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, na chache zimetoka kwa wazazi wanaolipa ada wakiwa nyumbani. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine. Nikizisoma pamoja naona ugonjwa mmoja unaojirudia: msaada upo, tena umekwisha kulipiwa ndani ya ada, lakini mwenye shida anangoja aitwe, na katika vyuo vya kule ni nadra mtu kuitwa.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimetokea Morogoro na niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Ohio. Muhula huu nina krediti 13, na 4 kati ya hizo ni za kemia. Mtihani wa katikati ya muhula nimepata alama 41 kwa 100. Mwenzangu wa chumbani, ambaye ni Mmarekani, ananishauri niiache kozi hiyo kabla haijaniharibia wastani. Profesa hutangaza kila wiki kwamba ofisi yake iko wazi, lakini naona haya kumsumbua mtu mzima kwa jambo alilokwisha kulifundisha darasani. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla hujabonyeza popote kwenye mfumo wa usajili, piga hesabu. Ukitoa 4 katika 13 unabaki na 9, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1 anatakiwa awe na krediti zisizopungua 12 katika kila muhula wa kawaida. Ushauri wa mwenzako si mbaya kwake yeye, kwa sababu hana sharti hilo. Kwako unaweza kukuondolea uhalali wa kukaa nchini kwa sababu ya somo moja. Usitegemee mfumo wa usajili ukuzuie au ukuonye, kwani mara nyingi haujali una viza ya aina gani.

Anayejali ni afisa wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, yule ambaye sahihi yake iko kwenye fomu yako ya I-20, ile hati ya chuo uliyoombea viza. Huyo ndiye wa kwanza kuonwa, kabla ya msajili na kabla ya mshauri wa masomo. Kanuni zinampa uwezo wa kukuruhusu kubeba mzigo pungufu ikiwa unatatizwa na lugha ya Kiingereza mwanzoni mwa masomo, au hujazoea namna ya ufundishaji wa Kimarekani, au uliwekwa katika kozi ya kiwango kisichokufaa. Ruhusa hiyo ina masharti: hutolewa mara moja tu katika ngazi moja ya masomo, ni lazima ubaki na angalau krediti 6, na muhula unaofuata urudi kwenye mzigo kamili. Jambo la kushika zaidi ni kwamba ruhusa huingizwa kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kabla hujaiacha kozi. Ukiiacha leo na kwenda kueleza kesho, umekwisha kuvunja kanuni, hata kama sababu yako ilikuwa nzuri.

Muulize pia kama chuo chako kina kozi fupi zinazoanza katikati ya muhula. Vyuo vingi vinazo, na krediti 3 za kozi ya namna hiyo zingekurudisha kwenye 12. Kama kozi yenyewe inafundishwa kwa mtandao mtupu, kumbuka kwamba ni kozi moja tu ya namna hiyo, au krediti 3, inayohesabiwa katika mzigo wako wa muhula.

Hata hivyo, kwa maoni yangu hujafikia hatua ya kuacha. Alama 41 katikati ya muhula ni jeraha, lakini mara nyingi nusu ya alama au zaidi bado haijatolewa: kuna maabara, kazi za kila wiki na mtihani wa mwisho. Fungua silabasi utazame kila kimoja kina uzito gani, kisha ukokotoe unahitaji alama ngapi ili ufaulu. Ujue pia kwamba huko kwa kawaida hakuna sapu kama ya vyuo vyetu. Anayefeli hurudia kozi nzima na kuilipia upya.

Kuhusu haya yako ya kwenda kwa profesa, nayaelewa, kwa maana tumelelewa kuona kwamba kumrudia mwalimu na swali ni kama kumwambia hakufundisha vizuri. Huko mambo yamekaa kinyume. Zile saa za ofisi zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa silabasi ni sehemu ya kazi anayolipwa, na profesa ambaye hatembelewi na mtu huhesabu kwamba darasa limemwelewa. Ila usiende mikono mitupu na kusema "sielewi kemia", maana hapo hatajua aanzie wapi. Chukua karatasi ya mtihani na umwonyeshe mahali ulipokwama: "Katika swali la tatu niligawanya moli 0.5 kwa 250 nikapata 0.002, na majibu yanasema 2." Ndani ya dakika moja atakuonyesha kwamba mililita 250 zilitakiwa zigeuzwe kuwa lita 0.25 kwanza, na pengine kosa hilohilo ndilo lililokula alama zako katika maswali mengine manne. Huenda kumbe kemia unaijua, na kinachokuangusha ni vipimo.

Halafu kuna kituo cha ufundishaji wa ziada, ambako wanafunzi waliofaulu kozi hiyo vizuri hulipwa na chuo ili wawasaidie wenzao bila malipo. Uliza hasa kama kemia yenu ina vipindi vya marudio vya pamoja vinavyoongozwa na mwanafunzi aliyekwisha kuipita kozi hiyo. Mpango huo ulianzia Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City mwaka 1973, na ulibuniwa kwa ajili ya kozi zinazoangusha wengi, bila kuchagua nani ana akili na nani hana. Wanaohudhuria si wanafunzi dhaifu. Ukiingia utawakuta hata wale unaodhani wanapata A kwa kuzaliwa nayo.

Swali: Mhariri, nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, nyumbani ni Mombasa. Nimepokea barua kwamba insha yangu imeonekana kuwa na wizi wa kitaaluma na nitaitwa mbele ya kamati. Sikunakili neno kwa neno. Nilibadilisha maneno, na vitabu vyote nimeviorodhesha mwishoni. Nahisi nimeonewa.

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Sijaiona insha yako, kwa hiyo siwezi kusema umeonewa au hukuonewa, lakini maelezo yako mwenyewe yana mambo mawili ambayo kamati itayashika. Tuseme kitabu kinasema: "Wanawake wa kijiji hiki huteka maji umbali wa kilomita nne kila siku, jambo linalowanyima muda wa kulima." Wewe ukaandika: "Akina mama wa kijijini hapo huchota maji mbali kilomita nne kila siku, hali inayowakosesha muda wa kilimo." Maneno yamebadilika, lakini sentensi ni ileile, kiungo kwa kiungo. Kwa vyuo vya Marekani huko ni kunakili, hata kama kitabu kimetajwa mwishoni. Kinachotakiwa ni ama unukuu maneno yenyewe ndani ya alama za kunukuu pamoja na ukurasa, ama ufunge kitabu, useme wazo hilo kwa mpangilio wako, kisha utaje chanzo papo hapo kwenye sentensi. Orodha ya mwishoni pekee haitoshi, kwa kuwa haimwonyeshi msomaji lipi ni lako na lipi ni la mwenzako.

Kwa wengi wetu jambo hili halina nia mbaya ndani yake. Tulizoeshwa kwamba kuyarudia maneno ya mtaalamu jinsi alivyoyasema ni kumheshimu, na mtihani wa kidato cha nne ulitutuza kwa hilo. Waambie kamati ukweli huo kwa ufupi, bila kulia na bila kugomba. Nenda na rasimu zako zote na madondoo uliyoandika wakati wa kusoma, kwa sababu huo ndio ushahidi kwamba kazi uliifanya mwenyewe. Soma barua uliyopewa uone una siku ngapi za kujibu na kama unaruhusiwa kwenda na mtu. Vyuo vingi vikubwa vina ofisi ya msuluhishi ambayo haiko upande wa profesa wala wa mwanafunzi, na inaweza kukueleza utaratibu kabla ya siku yenyewe. Wajulishe na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa kuwa adhabu ya kusimamishwa masomo ingegusa viza yako moja kwa moja.

Kwa kazi zijazo, weka miadi katika kituo cha uandishi. Wengi hukosea wakidhani ni mahali pa kupeleka insha ikasahihishwe sarufi, wakaichukue jioni kama nguo kwa dobi. Mshauri wa hapo hukaa nawe na kukuuliza unataka kuthibitisha nini, kwa nini aya hii imetangulia ile, na sentensi hii umeitoa wapi. Kalamu inabaki mkononi mwako. Nenda na maelekezo ya kazi kama profesa alivyoyaandika, na uende wiki moja kabla ya siku ya kukabidhi, maana usiku wa mwisho hakuna anachoweza kukufanyia. Maktaba nayo ina mkutubi wa kila fani, na wa afya ya jamii atakufundisha kutafuta makala kwenye PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba na afya, kwa muda mfupi kuliko unaopoteza ukihangaika peke yako. Mwombe akuonyeshe pia Zotero, programu ya bure iliyotokea Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006, ambayo huhifadhi vyanzo na kuvipanga kwa mtindo wowote unaotakiwa.

Kuhusu programu za akili mnemba, ambazo hukuzitaja lakini wengine wameziuliza: kila profesa ana msimamo wake, na umeandikwa kwenye silabasi. Pasipoandikwa, uliza kwa baruapepe ili jibu libaki kwa maandishi.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa Mwanza. Mwanangu ana umri wa miaka 20 na yuko chuoni Minnesota mwaka wa pili. Ada namlipia mimi kwa kuuza samaki na kupangisha vyumba. Nimekiandikia chuo nikiomba matokeo yake wakanijibu kwamba sheria haiwaruhusu kunipa. Inawezekanaje mzazi anayelipa anyimwe? Na siku hizi mtoto mwenyewe hapokei simu zangu kama zamani.

Jibu: Dada yangu, hasira yako ni ya haki, lakini chuo kimekueleza ukweli. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, inayojulikana kwa kifupi chake FERPA, ambayo inamkabidhi mwanafunzi haki juu ya kumbukumbu zake za masomo pindi anapojiunga na chuo, hata awe na umri gani na hata ada alipe nani. Njia iliyo wazi kwako ni mwanao mwenyewe kujaza idhini kwenye akaunti yake ya chuo, akitaja kwamba mama aonyeshwe matokeo na bili. Ni kazi ya dakika chache. Mwombe kwa upole, na uanze na bili, kwa sababu hiyo una sababu ya wazi ya kuihitaji.

Nakusihi uitake bili hiyo kwa ajili ya jambo jingine pia. Deni likibaki, chuo huweka zuio kwenye akaunti. Zuio humfanya ashindwe kusajili kozi za muhula unaofuata. Na asiposajiliwa kwa wakati, rekodi yake katika SEVIS inaweza kufungwa. Nimewaona vijana waliopata shida ya viza wakati wazazi wao walikuwa na fedha, ila zilikwama benki wiki mbili. Kama unajua mauzo ya msimu huu yatachelewa, mwanao aende ofisi ya ada mapema aombe mpango wa kulipa kwa awamu. Ofisi hiyo huwa na nafasi ya kumsaidia anayekuja kabla ya tarehe, na huwa imefungwa mikono kwa anayekuja baada yake.

Kuhusu ukimya wake, sheria inakizuia chuo kutoa habari za masomo yake. Haikizuii kupokea habari kutoka kwako. Ukiona amebadilika kwa namna inayokutia hofu, iandikie au ipigie ofisi ya mkuu wa wanafunzi, sema wewe ni mama yake na ueleze ulichokiona. Hawatakueleza alama zake, lakini watatuma mtu akamjulie hali. Kijana mwenyewe ajue kwamba chuo kina washauri wa kisaikolojia ambao mazungumzo yao ni ya siri, na kwamba popote Marekani namba 988 hupokelewa saa zote na watu waliofunzwa kumsikiliza mwenye dhiki ya moyo. Wengi wetu huona hiyo ni huduma ya wendawazimu. Huko mwanafunzi huenda kwa mshauri kwa sababu amekosa usingizi wiki mbili, akarudi darasani.

Unapompata kwenye simu, jaribu kuliweka kando swali la alama kwa siku hiyo. Muulize chakula cha bwalo kikoje na Kiswahili anaongea na nani.

Swali: Mwalimu, mjomba wangu ana nyumba ya kutunzia wazee huko Texas na amenipa zamu za usiku, malipo ni fedha taslimu. Nasoma mwaka wa kwanza, kwetu Kakamega. Anasema wote walioanza walianza hivyo. Kumkatalia mjomba ni vigumu.

Jibu: Mkatalie, na kama kumkatalia uso kwa uso kunakushinda, sema afisa wa chuo amekukataza, kwa kuwa ukimuuliza ndivyo atakavyokujibu. Katika mwaka wa kwanza wa masomo mwenye F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo. Ndani ya chuo anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zaidi ya hapo wakati wa likizo. Anayepoteza hadhi yake kwa kosa la usajili anaweza kuomba arejeshewe; aliyefanya kazi bila kibali amejifungia mlango huo, kwa sababu sharti mojawapo la kurejeshewa ni kutokuwa na kosa hilo. Fedha taslimu haikufichi. Siku mgonjwa akianguka wakati wa zamu yako, jina lako litaandikwa kwenye ripoti.

Ukimaliza mwaka mzima wa masomo njia zinafunguka. Kuna mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya kozi, ambayo afisa wa chuo huyaidhinisha kwenye I-20, na kuna kazi ya miezi 12 inayohusiana na fani yako, ambayo huidhinishwa na idara ya uhamiaji, USCIS. Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24. Aliyepatwa na janga la kifedha asilolitarajia, kwa mfano mfadhili kufariki, anaweza pia kuomba kibali maalumu.

Kwa sasa tafuta kibarua cha maktaba, hasa meza ya mapokezi ya usiku, ambako katikati ya wateja wachache unaweza kufungua kitabu chako. Kama chuo chenu kinafundisha Kiswahili, na vipo vingi vinavyofanya hivyo, nenda idara hiyo ukaulize kama wanahitaji msaidizi wa mazungumzo. Ukipata barua ya ajira ndipo utaomba namba ya hifadhi ya jamii. Ukianza kulipwa, kagua hati ya mshahara: kwa miaka mitano ya kwanza ya kalenda mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hakatwi makato ya hifadhi ya jamii na ya Medicare, bima ya afya ya wazee, na ofisi za mishahara hukosea hapo mara nyingi. Fomu ya kodi namba 8843 hujazwa kila mwaka hata na ambaye hakupata senti.

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni binti wa Unguja, nasoma Michigan. Nina mambo matatu madogo: vitabu ni ghali mno, bweni letu hufungwa likizo ya Desemba na sina pa kwenda, na Ramadhani bwalo hufungwa kabla sijafuturu.

Jibu: Waalaykum salaam, binti yangu. Kwanza vitabu: usinunue chochote kabla ya wiki ya kwanza ya masomo. Maktaba huweka nakala za vitabu vya kozi kwenye meza ya akiba, unaazima kwa saa mbili au tatu na kusomea humohumo. Kisichokuwapo huagizwa kutoka maktaba nyingine kwa mkopo wa maktaba kwa maktaba, ambao mara nyingi hulipi kitu. Muulize na profesa kama toleo la nyuma linafaa. Kwa masomo mengi linafaa, tena huuzwa kwa bei ya kutupa.

Pili, bweni. Andika kwa ofisi ya makazi mwezi Oktoba. Vyuo vingi hubakiza jengo moja wazi kwa wageni, lakini nafasi huombwa kwa fomu yenye tarehe ya mwisho, na wanaochelewa ndio unaowasikia wakilala sebuleni kwa watu. Jumuiya ya wanafunzi wa Kiafrika na ile ya Kiislamu nazo huwa na familia zinazopokea wageni.

Tatu, futari. Saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na mfungo ukiangukia baada ya hapo, Michigan jua linazama karibu saa moja na nusu jioni, kwa hiyo bwalo linalofungwa saa moja halikufai hata ukimbie. Usilalamike kwa mpishi. Yeye hapangi saa. Mwandikie msimamizi wa huduma za chakula mwezi mmoja kabla, ueleze tarehe za mfungo, idadi ya wanafunzi wanaofunga na saa ya magharibi, kisha uombe mambo mawili tu: vyombo vya kubebea chakula cha jioni, na kifurushi cha daku cha kuchukua usiku. Barua yenye majina ya wanafunzi kumi hujibiwa haraka kuliko ya mmoja. Ikiwa Idi itaangukia siku ya mtihani, mwambie kila profesa katika wiki ya kwanza ya muhula, wakati silabasi bado mbichi, kwa sababu vyuo vingi vina kanuni ya kumpangia siku nyingine mwenye sikukuu ya dini. Kwa kuwa mwezi unaweza kuandama mapema au kuchelewa, mtajie siku zote mbili.